Siku Nilipokataa Kupasuliwa Chupa

Mwaka 2011, nikiwa na miaka arobaini na moja, nilishika mimba ambayo sikuiomba. Watu walisema ni baraka. Sawa, ni baraka, lakini baraka nayo ina kazi yake, na mimi kazi nilikuwa nazo za kutosha. Nilikuwa mnunuzi wa kaa Mbwera. Nilianza nikiwa binti, nikiwavuta mwenyewe kwenye matundu yao mikokoni kwa kulabu, magoti ndani ya tope, mpaka nikafika mahali pa kuwanunua kwa wenzangu na kuwapeleka Nyamisati kwa boti. Shule niliacha darasa la nne. Hakuna aliyenishika mkono. Nayataja haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyelala pale kitandani akawakatalia manesi, maana ubishi ule ndio uliokaribia kuniulia mtoto.

Naandika kwa sababu wanawake wa deltani wanaopita kwangu huniuliza swali moja, na kila mmoja anadhani ni wa kwanza kuuliza: "Ati Bi Somoe, ni kweli hospitali wanakupasua chupa kwa chuma?" Ni kweli. Chupa ni ule mfuko wa maji anamokaa mtoto tumboni. Kuhusu presha ya mimba, kwa nini inamshika huyu na kumwacha yule, waulize madaktari. Mimi nasema yaliyonipata.

Mimba niliijua wakati wa kuvuna mpunga. Mpaka mvua za vuli zinaanza sikuwa na neno. Kisha ikaja miguu. Asubuhi inaingia kwenye ndala, jioni haiingii. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki pale kama kwenye unga wa ngano. Baada ya miguu ukaja uso, baada ya uso vidole. Pete ya ndoa ikaanza kunila. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya nazi, haikutoka. Mume wangu Shamte akanipeleka kwa fundi baiskeli, ndiye pekee aliyekuwa na msumeno mdogo wa chuma.

Fundi akaniangalia. "Bi Somoe, nikigusa kidole usije ukanidai."

"We kata pete. Kidole nitakidai mwenyewe."

Akakata. Shamte akaiokota, akaitia mfuko wa shati. Shamte si mtu wa maneno. Ndiyo maana tumedumu.

Zahanati walinipima presha mkono wa kushoto, wakapima na wa kulia, kama vile upande wa pili ungetoa habari njema. Wakachukua mkojo, wakachovya kikaratasi, kikabadilika rangi. Wakanipa vidonge vya asubuhi, mchana na jioni, wakasema mwezi wa mwisho nisiukalie Mbwera, nikasubirie Kibiti karibu na hospitali. Nikawaambia sina nafasi, kaa hawanisubiri. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Shamte akasema, "Utakwenda." Neno moja. Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa hakuwahi kuniambia utafanya hiki au kile. Nikaenda.

Hospitali yenyewe siitaji, sina ugomvi nayo. Pembeni yake palikuwa na nyumba ya kusubiria wajawazito. Vitanda sita, wanawake tisa. Tuliingia watu wa kila upande: wa Mohoro, wa Mbwara, sisi wa visiwani. Kila asubuhi tunajipanga kwenye benchi kupimwa. Benchi lile lilikuwa na msumari uliochomoza upande wa kulia, na kila mgeni alichaniwa kanga yake hapo. Wenyeji wanajua, lakini hawasemi mpaka kanga ichanike, halafu wanacheka. Mimi nilichanika siku ya kwanza. Siku ya pili nilikaa nikamngoja mwingine achanike, na nikacheka kuliko wote. Ukikaa sana kwenye benchi la hospitali unakuwa mtu mbaya kidogo. Usijilaumu.

Siku zilihesabika kwa vidonge. Nilikatazwa chumvi. Chakula bila chumvi, kwa mtu aliyekulia maji ya chumvi, ni adhabu. Jirani yangu wa kitanda, binti wa Mbwara ambaye hakuwa amefika hata miaka ishirini, alikuwa akinikamulia ndimu juu ya wali kabla sijamwomba. Jina lake nimelisahau, na hilo linanisumbua. Ndimu zake sijazisahau.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo hutanielewa.

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa miaka minane kabla ya huyu, nyumbani Mbwera. Chupa ilipasuka yenyewe asubuhi, uchungu haujaanza. Maji yote yakaisha. Ilikuwa wakati wa maji mafu, zile siku ambazo bahari haijai sawasawa na mikono ya mto inabaki matope. Boti ililala upande kwenye tope. Tukangoja maji yapande. Yakapanda kidogo, hayakutosha, yakashuka. Tukangoja tena. Kesho yake adhuhuri nikazaa mtoto wa kiume, mzima wa viungo vyote, amekufa.

Mavyaa wangu, mama yake Shamte, anaitwa Bi Mtumwa, ndiye aliyemshika. Alisema, "Mtoto hupita kwa maji. Maji yakitangulia, anabaki kwenye tope." Nikaliamini. Kwa nini nisiliamini? Sisi watu wa deltani kila kitu chetu kinapita kwa maji. Boti iliyolala upande nilikuwa naiona kwa macho yangu kutoka dirishani, na mtoto alikuwa ndani yangu vivyo hivyo. Nikajiapia kwamba nikizaa tena, hakuna mtu atakayeyatoa maji yangu kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo siku ile, mwanzo wa masika, uchungu uliponianza baada ya chai ya asubuhi, nilikuwa nimekwisha kuhesabu mwezi. Maji ya bamvua, yale makubwa, yalikuwa yanakuja kesho kutwa. Mawazo yangu yalikuwa kwamba mtoto atasogea maji yakikua. Usinicheke. Mpaka leo wapo wanaohesabu hivyo.

Nikaingizwa wodini. Mkunga wa zamu aliitwa Sista Rehema, mwanamke mnene, mikono midogo. Alinipima, akasema njia imeanza kufunguka. Adhuhuri akanipima tena, akakunja uso.

"Mama, uko palepale pa asubuhi. Na presha inapanda."

"Itashuka."

"Haishuki yenyewe. Dawa nimekupa. Kinachotakiwa mtoto atoke. Nataka nikupasulie chupa, uchungu upate nguvu."

Akanionyesha chuma chenyewe, kwenye sinia, maana nilimwambia anionyeshe. Kirefu, chembamba, ncha yake ina meno madogo. Mimi nilichokiona ni kulabu. Nimefanya kazi na kulabu tangu utoto. Najua kaa akivutwa kwa pupa anatoka hana gando. Nikafikiri juu ya kichwa cha mtoto.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini, mama?"

"Maji yangu hayatolewi. Kesho kutwa bamvua. Ningoje."

Akanitazama, akaniuliza taratibu, "Nikungoje siku mbili, na presha hii?"

"Ningoje."

Akaandika kwenye karatasi yangu. Akasema hawezi kunilazimisha, ila atakuwa anakuja kusikiliza moyo wa mtoto, na kama ukibadilika hatauliza tena, ninakwenda kupasuliwa tumbo. Alikuwa na kibomba cha mbao anachoweka tumboni na kutega sikio. Kila akija namwangalia uso wake kama ninavyomwangalia mnunuzi anapokagua kaa. Hauonyeshi kitu. Mfanyabiashara mzuri angekuwa.

Mavyaa alifika kabla ya laasiri. Shamte alimpigia simu asubuhi, akapanda boti, akapanda gari Nyamisati, akaingia na kikapu chake bila kumsalimu mlinzi. Akasimama kitandani pangu.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Akaketi. Akashusha pumzi. Nilijua kinachokuja. Kwetu mwanamke akikwama na uchungu, wazee wa kike wanamtaka aseme ukweli. Wanasema mtoto anafungwa na jina la mwanamume ambalo halijatajwa. Na mimi nilikuwa mwanamke wa boti, nalala Nyamisati, napatana bei na wanaume. Maneno yale yalikuwa yananingoja miaka.

"Mkazamwana," akasema, "hapa hakuna mwanamume. Mtaje, akufungue."

"Nimtaje nani?"

"Unamjua wewe."

"Shamte."

"Siyo huyo."

"Shamte, mwanao. Mwenye masikio makubwa. Nimtaje mara ngapi?"

Mwanamke wa kitanda cha pili akacheka, kisha uchungu ukamkamata akanyamaza. Mavyaa hakucheka. "Unafanya mzaha na roho ya mtoto. Nimeambiwa nje nesi anataka kukusaidia unakataa. Mtu asiyeficha kitu haogopi kufunguliwa."

Hilo lilinichoma, nakiri. Mimi nakataa kwa sababu ya maneno yake mwenyewe aliyosema siku tuliyomzika mtoto wangu, na leo kwake kukataa kwangu ni ushahidi. Nikamwambia, "Si wewe uliyesema mtoto hupita kwa maji?"

"Nilisema."

"Basi ndiyo nayatunza."

Akaanza kupanga upya kikapu chake. Nadhani alikuwa amesahau. Wanaosema husahau, aliyeambiwa hasahau.

Sista Rehema alikuwa ameingia na kibomba chake, na yote ameyasikia. Akamsalimu kwanza. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akasikiliza moyo wa mtoto, mara hii muda mrefu. Akavuta stuli, akakaa, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu asubuhi.

"Da Somoe, kwenu wapi hasa?"

"Mbwera."

"Mama yangu mzazi ni wa huko. Nimeendesha mtumbwi kabla sijajua kusoma. Sasa niambie, mtumbwi unasogezwa na nini?"

"Maji."

"Maji yanaubeba. Nakuuliza unasogezwa na nini."

Mavyaa akajibu mahali pangu, "Upondo."

"Upondo, bibi. Mti mrefu, unauzamisha mpaka chini, unasukuma. Na upondo ukielea juu juu?"

"Hausukumi kitu," mavyaa akasema. "Lazima uguse tope."

"Basi kichwa cha mtoto huyu kinaelea. Kuna maji kati yake na mlango. Uchungu unakuja, kinabonyea, kinarudi juu. Tangu asubuhi anapiga upondo kwenye maji matupu. Nikiyatoa maji yaliyo mbele, kichwa kitashuka kiukalie mlango. Ndiyo kazi yote."

"Na akikwama mkavu?" nikauliza, nikamweleza kwa kifupi ya yule wa tatu na boti iliyolala topeni.

"Yule maji yalitoka hamna uchungu, hamna nesi, hamna boti. Leo uchungu upo, mimi nipo, na chumba cha kupasulia tumbo kipo mlango wa tatu. Siyo jambo moja." Akaegemea karibu. "Na moyo wake umeanza kuchoka kidogo. Sikutishi. Nakwambia kwa kuwa ungekuwa wewe unanunua, ungetaka kuambiwa."

Nisijisifu kwamba nilikubali kwa hekima. Nusu nilikubali kwa maneno ya upondo. Nusu nilikubali kwa hasira, nimwonyeshe mavyaa kwamba sina jina la kuficha. Kukubali ni kukubali. Nikasema, "Pasua."

Sasa nisikilize, wewe ambaye utafanyiwa. Chuma hakiumi. Chupa haina uchungu kama vile kucha isivyo na uchungu. Kinachosumbua ni mkono wa mkunga kuingia na wewe kutakiwa usikaze miguu. Alingoja uchungu uje, akasema "tulia hivyohivyo," nikasikia kama uzi umekatika ndani. Kisha maji. Ya moto, mengi, yakapita chini ya mapaja mpaka mgongoni, yakalowesha mpira wa kulalia na kanga mbili. Hakuyatoa yote kwa pupa, mkono aliuacha pale, anayazuia yatoke taratibu, kama unavyofungua tuta la jaruba la mpunga bila kubomoa.

Akamwonyesha mavyaa kitambaa. "Meupe, bibi. Mtoto hajachafua maji."

Mavyaa akayainamia, akayanusa. "Meupe," akasema.

Kisha Sista Rehema akatega sikio kwenye kibomba. Mimi nilikuwa natazama uso wake ule usioonyesha kitu, na kwa mara ya kwanza ukaonyesha. Akatikisa kichwa kuitikia, si kwangu, kwake mwenyewe.

Uchungu uliofuata haukuwa wa familia moja na ule wa asubuhi. Ule ulikuwa unagonga mlango, huu umeuvunja. Nilimwita mama yangu ambaye amekwisha kufa, nikamwita Shamte kwa jina la baba yake, nikamtukana. Mavyaa alinishika bega la kushoto na sikumwondoa. Alikuwa akisema "twende, twende, twende," kama tunavyosema tukisukuma boti topeni. Adhana ya magharibi ilipoanza mtoto alikuwa amekwisha kutoka, na kabla haijaisha akalia. Wa kike.

Mavyaa alimpokea kwenye kanga, akamgeuza huku, akamgeuza huku, kisha akamfunua kichwa. Akakaa anamwangalia.

"Masikio," akasema.

"Ya nani?" nikauliza. Nilikuwa nimechoka lakini si kwa kiasi hicho.

"Aa, we mwanamke nawe." Akamfunika. Ndiyo radhi niliyoipata, na ilinitosha. Kwa siku nane nilizolala pale, maana presha ilikataa kushuka pamoja na tumbo, alifua nguo zangu na za mtoto kila siku na hakunipa nafasi ya kumshukuru.

Usidhani ukizaa umepona. Nilirudi Mbwera na miguu iliyonyauka ghafla, ngozi inaning'inia. Nywele zilitoka kwa konzi. Nilikula vidonge mpaka mpunga ulipochanua, mpaka ukavunwa. Siku arobaini ziliisha, nikawa bado siwezi kubeba tenga la kaa. Shamte ndiye aliyekwenda Nyamisati kupatana bei, na alipunjwa kama mtoto mdogo. Tuligombana kwa hilo kuliko tulivyowahi kugombana kwa lolote. Akanirushia, "Basi amka wewe ukauze!" Nikalia. Akatoka nje, akarudi na nazi, akaikuna mwenyewe, vibaya, akapika wali. Tukala. Ugonjwa wa mmoja unalala vitanda viwili.

Jambo la mwisho. Siku niliyoruhusiwa hospitali nilimfuata Sista Rehema, nikamuuliza kuhusu yule wa tatu. Nikamwambia, "Niambie tu. Yalikuwa ni maji?"

Akaniuliza, "Kutoka yalipotoka mpaka kuzaa, mlikaa muda gani?"

"Asubuhi mpaka kesho yake adhuhuri."

Akainamia kadi yangu akaandika kitu, akaandika muda mrefu kuliko maneno yanavyochukua. Nilikwishaelewa. Maji hayakumuua. Kungoja ndiko kulikomuua, na mimi siku ile Kibiti nilikuwa nimemwambia mtu mara mbili, ningoje.

Kwa hiyo wewe uliye kisiwani, hesabu mwezi kwa ajili ya boti, siyo kwa ajili ya mtoto. Ondoka Mbwera wakati wa bamvua, kabla ya maji mafu, ukakae karibu. Chukua mpira wa kulalia, kanga nne, ndimu. Wakikwambia wanataka kupasua chupa, waulize kwa nini, waulize kama wamesikiliza moyo wa mtoto, waulize mtoto akikwama watafanya nini. Ukishajibiwa, usilete ubishi wa kaa kwenye kitanda cha kuzalia. Na mavyaa akikuuliza jina, taja la mumeo, kwa sauti.

Leo nina boti moja ya fiba na mashine yake. Nina ekari tatu za mpunga na minazi arobaini na sita. Nina mizani yangu mwenyewe ya kaa, sipimiwi na mtu. Nina nyumba ya bati Kibiti, vyumba vinne, kimoja kina vitanda viwili kwa ajili ya wanaotoka deltani kusubiri kuzaa, na benchi lake halina msumari. Nina presha, ninakula kidonge kimoja kila asubuhi. Nina mume mmoja, na pete iliyokatwa ambayo hatukuiunga. Nina watoto watatu hai, wa mwisho ana masikio makubwa na yuko sekondari. Nina kaburi moja dogo Mbwera, upande wa juu, ambako bamvua haifiki.